Mkeka wa Katikati ya Uwanja

Kwa zaidi ya miaka kumi nilimjua baba mkwe wangu kwa mgongo. Nilijua koti lake la kijivu lenye kiraka begani, nilijua kofia yake na mlio wa mabuti yake ya mvua akitoka bandani kwa ng'ombe, na kikohozi chake nilikijua kuliko cha mume wangu. Uso wake sikuujua. Tuliishi uwanja mmoja hapa Kisondela, yeye nyumba ya juu na sisi nyumba ya chini, na kama mtu angenipangia picha za wazee watano mezani akaniambia nimwonyeshe baba mkwe, ningekosea.

Mimi si wa huku. Nilizaliwa Dodoma, nikaletwa Rungwe na ajira ya ualimu, nikapangiwa shule ya msingi pale Tukuyu mjini, na nikapata mchumba kabla sijaizoea mvua. Mchumba aliponieleza mila za kwao alikuwa anacheka. Alisema kwa wazee wa kwao mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawapishani njiani, hawasemeshani. Mke akisikia mzee anakuja anaingia migombani mpaka apite. Vijana wengi wameshaacha, wachungaji nao wamelikemea jambo hilo, lakini baba yake, mzee wa kanisa na yote, hakuwa ameacha. Nami nikacheka. Nilidhani ni mambo ya wiki mbili za ubibi harusi.

Mama mkwe ndiye aliyenifunda. Alinifundisha kukohoa nikifika kwenye kona ya njia, na kusikiliza kama kuna kikohozi kinachojibu. "Ni heshima mwanangu, si chuki," alikuwa akiniambia. Aliniambia pia kwamba mzee akitaka anaweza kunifungua. Siku hiyo atanipa kitu, kutoka mkononi mwake hadi mkononi mwangu, kuku au kitenge, na kuanzia hapo tutasalimiana kama baba na mwana. "Lakini huyu hatafanya. Anayaogopa mno mambo haya. Anasema ukiyachezea yanamrudia mtoto."

Walimu wenzangu walinicheka sana. Mwalimu mzima anajificha kwenye migomba. Nilikuwa nawajibu kwamba waende kwanza wakakae na wakwe wanaokuja kufunua masufuria yao kila siku, ndipo watajua raha ya mkwe asiyeingia kwako. Na kwa kweli kulikuwa na raha yake. Tulikuwa hatugombani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mzee akiwa na neno kwangu anamwambia mkewe, mkewe ananiletea. Alipofariki nilijiuliza itakuwaje, na kabla sijapata jibu binti yangu alikuwa ameshaichukua kazi ile. Alikuwa na miaka minne. Babu yake anasimama mlangoni kwake anasema, kwa sauti ya kufika barabarani, "Mwambie mama yako maji ya bomba kesho hayatoki." Mimi niko jikoni nasikia kila neno. Lakini kwa utaratibu wa nyumba ile, neno ambalo hujaletewa hujalisikia. Nanyamaza, namenya ndizi, mpaka mtoto avuke uwanja, asimame mbele yangu mikono nyuma, aseme, "Babu anasema maji ya bomba kesho hayatoki." Ndipo nashtuka kwa adabu, nasema, ahaa, mwambie babu asante. Naye anarudi mbio.

Alikuwa mjumbe mwenye tamaa. Aliongeza vya kwake. "Babu anasema uninunulie maandazi." "Mama anasema nilale kwako leo." Wote wawili tulijua, na hakuna aliyeweza kumsuta, maana ukimsuta utakuwa umekiri kwamba ulikuwa unasikia. Babu na mjukuu kati yao walizungumza Kinyakyusa tu. Kiswahili mzee alikitumia kwa ujumbe wangu.

Mtoto aliumia akiwa na miaka minane. Ilikuwa alasiri ya mvua, bodaboda iliyokuwa ikimrudisha kutoka shule ikateleza kwenye mteremko wa chini ya kwetu, na kichwa chake kikagonga jiwe. Mzee alikuwa karibu na pale, anakata majani ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilisikia kelele nikatoka mbio bila viatu, na katikati ya njia nikakutana naye anapandisha, amembeba mtoto, pumzi imemwishia. Hakutafuta migomba, nami sikutafuta. Akaniwekea mtoto mikononi. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wa baba mkwe wangu. Ulikuwa uso mwembamba wenye ndevu fupi nyeupe na macho ya mume wangu kabisa. Sikukaa kuutazama. Niliona damu sikioni kwa mtoto, nikaendelea kukimbia kwenda barabarani.

Tukuyu walimpokea wakatupa rufaa, tukapelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa. Wodi sitaisimulia. Wodi zinafanana, na nimezichoka. Nitasema tu kwamba alikaa siku nyingi bila fahamu, kisha akafungua macho, na sisi tukashangilia kama watu waliomaliza safari. Daktari alituacha tushangilie kwanza. Halafu akanionyesha picha ya kichwa, akanielekeza kwa kalamu mahali ubongo ulipoumia, na kusema kwamba mkono na mguu wa kulia vitachelewa, na kauli pia itachelewa. Nikamuuliza itachelewa mpaka lini. Akaniangalia kwa huruma, akafunga faili.

Mtoto tuliyerudi naye Kisondela alikuwa na sura ya binti yangu na uzito wa binti yangu. Hakuweza kusimama peke yake. Hakuwa na neno hata moja, alikuwa na ukelele mmoja tu, wa kila kitu, njaa na haja ndogo na hasira. Alikuwa analia jogoo akiwika, analia sufuria ikianguka, analia mtu akicheka karibu naye. Aliyekuwa hanyamazi sasa alikuwa anatazama bati kuanzia asubuhi. Nililala naye, niliamka naye, nilimbeba mgongoni kwenda chooni na miguu yake mirefu ikinipiga magotini. Mume wangu ni fundi ujenzi na kazi zake ziko Tunduma. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, anamtazama mtoto, anatoka nje kutengeneza kitu. Alitujengea kishikio cha mianzi kutoka mlangoni mpaka chooni. Alitengeneza kitanda cha chini. Kila alipoumia aligonga misumari, na mimi nilimwonea wivu kwa kuwa na misumari.

Mzee naye alizidi. Zamani alikuwa ananiachia mgongo wake; sasa na mgongo aliuondoa. Nikitoka uwanjani nasikia mlango wake unafungwa. Nikikohoa njiani hakuna kinachojibu, ameshapita kwa nyuma, kwenye matope, kwenye miparachichi, mradi tu tusikaribiane. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Ananilaumu. Mke wa kuja, mtoto kamshinda.

Na bado alikuwa anatuma ujumbe. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mtoto amelala kwenye mkeka anatazama mbingu, mzee anasimama mlangoni anasema, "Mwambie mama yako nimeweka masiwa dirishani." Kiswahili chake ni cha wazee wa huku, hakina z. Mtoto haendi popote. Nami jikoni nimesikia, lakini sijaletewa. Mara ya kwanza nilikaa nikingoja, kwa mazoea tu, mpaka nilipokumbuka ninamngoja nani. Nililia siku hiyo, na maziwa yakachacha dirishani.

Halafu ikaja habari ya dawa. Mtoto alikuwa na dawa ya maji ya kuzuia degedege lililomwanza baada ya kuumia, asubuhi na jioni. Siku moja nilikwenda kuchota maji, mzee akaona saa imefika na mimi sijarudi, akampa. Nikarudi, nikampa. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana aliyekuwa akitwambia alikuwa ndiye anayenyweshwa. Alilala mchana wote, nikimwita haitiki, nikimfinya anakunja uso tu. Nilimkimbiza Tukuyu. Muuguzi alipoelewa kilichotokea alikunja mikono.

"Nyumbani kwenu hamuongei?"

"Hatuongei," nikasema.

Alinishauri tusamehane. Nikamwitikia, ningeanzia wapi kumweleza.

Tangu siku hiyo tukawa na kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati pale dirishani kwetu. Kikifunikwa kifudifudi dawa imeshatolewa, kikisimama bado. Hatukupanga. Nilikifunika jioni moja, na keshokutwa yake nikakikuta kimefunikwa na mtu mwingine. Mengine tulijifunza hivyo hivyo. Jogoo aliyekuwa akiwika chini ya dirisha letu alipotea, nikaona manyoya nyuma ya banda. Nikawa naacha bakuli la punje za mahindi kwenye mkeka, kwa ajili ya mkono wa kulia, azihamishe moja moja kwenda bakuli la pili. Nikirudi kutoka shambani nakuta zimehamishwa zote, na za mwisho zimepangwa kwa ustadi ambao mtoto yule hakuwa nao. Babu alikuwa anamsaidia kudanganya. Nilicheka, nikiwa peke yangu, na kicheko chenyewe kilinichosha.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Tukuyu alikuwa mgeni kama mimi, ametokea Bukoba. Alinionyesha jinsi ya kumsimamisha, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma.

"Asiachiwe, mama. Mkono mmoja ukitoka, mwingine uwe umeshashika. Akijihisi yuko peke yake woga unamvunja, mnaanza upya. Na msemesheni muda wote. Msingoje awajibu."

Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba nyumbani mikono ipo minne ila haiwezi kukutana.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Katikati ya uwanja, kati ya nyumba mbili, tulitandika mkeka. Nikitaka kwenda shambani au sokoni, namtoa mtoto, namkalisha kwenye mkeka, namwegemeza kwenye gunia la pumba. Kisha naondoka, naingia jikoni, nafunga mlango, nakohoa. Mzee anasikia kikohozi, anafungua mlango wake, anakuja. Akichoka yeye, anamwacha mkekani, anarudi ndani, anakohoa, natoka mimi. Kati ya kuingia kwangu na kutoka kwake kulikuwa na nafasi ndogo ambayo mtoto yuko peke yake. Kwa mtu mzima si kitu, hata ugali hauungui. Lakini katika nafasi hiyo ndimo alimokuwa akipiga ukelele wake, na ukelele huo ulikuwa unaendelea muda mrefu baada ya babu kufika. Nilikuwa nausikia nikiwa nimeegemea mlango wa jikoni kwa ndani. Siku nyingine nilitamani kupiga teke mlango wenyewe, na mila, na mzee.

Wakati huo wote shule ilikuwa inaningoja. Mwalimu mkuu alikuwa amenivumilia kuliko alivyoruhusiwa. Alinipigia simu, akaniambia bila kuzunguka kwamba shule zikifunguliwa awe ananiona darasani, la sivyo nafasi yangu itapewa mtu. Tulikuwa tunaishi kwa mshahara ule, kazi za mume wangu zikija zinakuja na zisipokuja hazipo. Wasichana wa kazi nilishaleta wawili. Wa kwanza aling'atwa na mtoto akaondoka siku hiyo hiyo, wa pili aliniambia kwa heshima kabisa kwamba anaogopa degedege. Alibaki mzee. Mzee alikuwa na muda, alikuwa na subira, na mtoto akiwa kifuani kwake alinyamaza kuliko akiwa kwangu. Alichokuwa hana ni namna ya kumpokea kutoka mikononi mwangu kila asubuhi.

Mume wangu akasema, kama imeshindikana, apelekwe Dodoma kwa mama yangu. Mama ni mzee, na kule ni kukavu, watu ni wengi, majogoo ni wengi. Hospitali iko mbali na kijiji. Nilijua kwamba mtoto akienda hivyo alivyo, bila kauli, mahali ambapo hamjui mtu, hatarudi kwangu. Atarudi mtu mwingine, au hatarudi. Nikasema tujaribu kwanza wiki moja, nijifanye niko kazini.

Siku ya tatu ya jaribio, mvua ya usiku ilikuwa imeloanisha uwanja. Nilimkalisha, nikaingia jikoni, nikakohoa. Mlango wa mzee ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukagoma kufunguka. Nilimsikia anausukuma kwa bega. Mtoto akapiga ukelele, halafu ukelele ukakatika. Nilitoka. Mzee naye alikuwa ametoka, akaniona, akasimama pale pale. Mtoto alikuwa amejaribu kunifuata. Alikuwa amelala kifudifudi nje ya mkeka, mdomo umepasuka kwenye ukingo wa ngazi ya jikoni, mwili unatikisika. Nilimgeuza ubavu kama nilivyofundishwa. Nilipoinua kichwa kutafuta msaada mzee hakuwepo. Alikuwa amerudi ndani na mlango umefungwa.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule asubuhi ile. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia akate tiketi za Dodoma. Akakata, za Jumatano. Akampigia na baba yake, akamweleza.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikuwa jikoni nabandika maharage. Mtoto alikuwa mkekani, na mzee, ambaye sikumbuki akikosa ibada, alikuwa naye. Nilisikia wanavyokaa siku zote, Kinyakyusa cha taratibu, hadithi za ng'ombe. Halafu akaanza Kiswahili.

"Gwe mwana. Mwambie mama yako."

Nikaacha kuchochea moto.

"Mwambie, siku ile nilipokuokota pale chini, nilijua la kufanya. Nilitakiwa nikulase kwenye majani, nirudi nyuma, yeye akuokote. Nilimwona anakuja. Nikasema, mlase, mlase. Mikono ikakataa. Nikampa mkononi, nikamtasama usoni kama mke wangu. Siku hiyo hiyo ulimi wako ukafungwa. Ni mimi niliyeufunga."

Akakohoa kidogo, si kikohozi cha kuitana.

"Na jusi ulipoanguka. Nilitaka kuja. Nikasema nikienda tena, nikimwona tena, safari hii utakufa. Nikarudi ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Mwambie hivyo. Mwambie asikupeleke kwao kwa sababu yangu. Mimi ndiye niondoke. Nitakwenda kwa mdogo wangu, ng'ombe wakae na ninyi. Mimi nikiwa mbali, labda utasema."

Akamaliza. Kisha akakaa kimya, kama alivyokuwa akikaa siku zote baada ya kutuma neno, akingoja mjumbe avuke uwanja.

Nami jikoni nilikuwa nimesikia yote na sijaletewa. Miezi yote nilidhani ananikwepa kwa sababu ananilaumu, kumbe mtu alikuwa anajificha ili mjukuu wake aseme. Niliona huruma, niliona na hasira, vyote kwa pamoja, nikashindwa kuvitenganisha. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Mtoto hakuwa anatazama mbingu. Alikuwa ameugeuza uso, anatazama mlango wa jikoni. Anajua neno linapelekwa wapi. Miguu ndiyo haikuwepo.

Nikafungua mlango nikatoka.

Mzee alishika kofia akaishusha usoni, akaanza kuinuka. Hakuweza. Mtoto alikuwa amekamata mkono wa koti lake kwa mkono wake mzima, amekaza, na mzee alijua kama mimi kwamba hawezi kuuvuta mkono ule kabla mwingine haujashika. Akabaki nusu amesimama, kisha akakaa, akanipa mgongo. Kile kiraka cha begani nilikiona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekishona mwenyewe, vibaya.

Nilikaa upande wa pili wa mkeka. Nilishika mkono wa kulia wa mtoto, ule uliolegea. Niliangalia chini.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akaivuta kofia chini zaidi.

"Baba, mtoto aligonga jiwe. Daktari alinionyesha mahali penyewe. Ulimi haukufungwa na mikono yako." Nilisikia sauti yangu ikiwa ya darasani, nikaishusha. "Na marehemu mama aliniambia kwamba mkwe hufunguliwa kwa kupewa kitu mkononi. Kuku, au kitenge. Wewe pale njiani ulinipa mtoto. Mimi nilishapokea, baba. Sijui wewe ulikuwa unangoja nini."

Maharage yalianza kuungua, nikayasikia harufu, sikuinuka. Mzee alitoa leso akajifuta chini ya kofia. Alipokuja kusema hakusema na mimi.

"Gwe mwana," alimwambia mtoto. "Mwambie mama yako mvua inakuja."

Nilitazama juu. Kweli ilikuwa inakuja, kutoka mlimani.

"Mwambie babu nimesikia," nikasema. "Mwambie amshike huku, mimi nishike huku, tumwingize ndani."

Tukamsimamisha, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mimi nilikuwa nyuma, kwa hiyo wote wawili nilikuwa nawaona kwa mgongo.

Dodoma hatukwenda. Nilirudi darasani shule zilipofunguliwa, na nipo mpaka leo. Watu wakisikia habari hii hufurahi, husema basi mmeshinda, nami huwaacha waseme. Nimechoka vile vile. Mtoto ana miaka kumi sasa. Anatembea kwa kushika mianzi ya baba yake, mguu mmoja unaburuta. Degedege limepungua, halijaisha. Siku nyingine anang'ata. Darasani hajarudi, na watoto aliokuwa nao darasa la pili wanapita barabarani na sare zao, wananiamkia, nami nawaitikia bila kuwahesabia miaka. Yule mjumbe wangu wa maandazi bado namkumbuka kwa namna ambayo hainisaidii.

Mzee hajawahi kuniita kwa jina wala kunitazama usoni moja kwa moja, na sitegemei. Shikamoo yangu anaitikia, marahaba, akitazama migomba. Yaliyobaki tunayapitisha kwa mtoto, kila mmoja akiwa ameshika mkono wake, tumekaribiana kiasi cha kugusana mabega. Mwambie mama yako kikombe nimekifunika. Mwambie babu nitachelewa, kuna kikao. Dada wa mazoezi alisema msemesheni, msingoje awajibu, na sisi ndivyo tunavyojua kusemesha.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa namkabidhi. Mkono wangu ulikuwa haujatoka na wa babu ulikuwa umeshashika. Ukungu ulikuwa umefika mpaka mkekani. Mtoto alimtazama babu, akanitazama mimi, mdomo ukahangaika, akasema kwa sauti nzito ambayo sikuitambua:

"Mwambie."

Mzee alivua kofia. Nami nilipiga magoti kwenye mkeka.

"Nimwambie nani, mama? Nimwambie nini?"

Tulingoja. Mdomo wake uliendelea kuhangaika, ukachoka, ukafunga. Alirudi kutazama migomba. Tuliendelea kungoja, mimi na baba mkwe wangu, mpaka barabarani dereva wa bodaboda alipopiga honi kwa mara ya pili. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikaenda kazini.